Mjomba, napenda dansi au napenda kuonekana tofauti?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni msichana wa miaka 21, nipo mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Kwetu ni Muheza, nimelelewa na babu mzaa mama. Chuo naomba nisikitaje, kozi pia, maana hapa tunajuana na safu yako inasomwa hadi kwenye foleni ya chakula.

Tuna redio ya wanafunzi. Haifiki mbali: hosteli, kwenye vimbweta, na mitaa michache ya jirani. Kila Alhamisi saa moja usiku nina kipindi cha saa nzima. Nusu ya kwanza naelezea yaliyotokea chuoni wiki hiyo, nusu ya pili napiga nyimbo ninazozipenda mwenyewe. Hakuna aliyenipangia hivyo, niliomba na nikapewa.

Habari za chuo unazijua, Mjomba. Boom, hela yetu ya kujikimu kutoka bodi ya mikopo, limechelewa. Maji hayapandi ghorofa ya tatu. Ratiba ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, imetoka na kuna watu wana mitihani miwili siku moja. Mgombea urais wa serikali ya wanafunzi ameahidi intaneti ya bure hadi vyooni. Sasa mimi siwezi kusoma habari kikavukavu, lazima nitie na la moyoni. Wiki ile maji yalipokatika nilisema hewani kwamba viongozi wetu wamelala usingizi wa pono, na kwamba posho zetu zinakwenda wapi wanajua wao. Mtu akakirekodi kile kipande, kikazunguka magrupu yote ya chuo. Kesho yake kafeteria watu wasionijua walisimama na kunipigia makofi. Mjomba, sitakuficha, nilijisikia vizuri sana.

Keshokutwa yake katibu wa serikali ya wanafunzi akapeleka barua kwa mlezi wa redio, ambaye ni mhadhiri, kwamba nimewachafua. Mlezi akaniita. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Wewe unasoma habari au unatoa maoni? Chagua." Tangu hapo nikishika kipaza sauti mkono unatetemeka. Nikisoma habari tupu, wenzangu wanasema nimeshanunuliwa. Nikitia chumvi, barua nyingine itakuja.

Upande wa muziki ndiko kunakoniuma zaidi. Babu alikuwa na redio yake ndogo ya betri na alikuwa haigusi mtu. Zilipendwa zikianza, nyumba nzima kimya. Nimekua na Morogoro Jazz, NUTA Jazz, Mlimani Park, na Atomic Jazz ya kwetu Tanga. Kwa hiyo kwenye kipindi changu ni muziki wa dansi tu. Na sipigi ovyo, nina daftari. Nawaeleza bendi ilianzishwa mwaka gani, nani alikaa kwenye gitaa la solo, nani alihamia wapi, kwamba Mbaraka Mwinshehe, aliyewika na Morogoro Jazz, alifariki kwa ajali ya gari Januari 1979 huko Mombasa. Wenzangu wakanipa jina, Bibi Zilipendwa. Mwanzoni nililipenda, nikawa natembea nalo.

Sasa fundi mitambo wetu, kaka mmoja wa mwaka wa tatu, anasema ikifika nusu ya pili wasikilizaji wanahama wote. Wanataka Bongo Fleva, amapiano na singeli. Chumbani kwetu, ambako tunatakiwa kuwa wanne lakini kwa kubebana tupo sita, wananiambia najifanya. Mmoja alisema, "Hakuna msichana wa umri wako anayeupenda huo muziki, wewe unatafuta kiki." Nilimjibu vibaya. Lakini usiku sikulala, kwa sababu sikuwa na uhakika kwamba anakosea.

Juzi nilikuwa peke yangu bafuni nafua. Upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa anapiga singeli kwenye simu, nikajikuta nacheza na ndoo mkononi. Mlango ukafunguliwa, nikaacha hapo hapo nikasema, "Kelele gani hizi." Sijui hata kwa nini nakuandikia hili, si la maana.

Halafu muhula huu nina sup ya takwimu, mtihani wa kurudia, ila hilo ni suala jingine, nitalimaliza mwenyewe.

Nisaidie, Mjomba. Niache kutoa maoni? Nibadilishe muziki ili watu wasikimbie? Na nitajuaje kama napenda dansi kweli, au napenda tu kuonekana tofauti na wenzangu?

Wako,
Bibi Zilipendwa, Dar es Salaam

*

Marahaba, mpwa wangu.

Unasema habari ya ndoo si ya maana. Mimi naona barua nzima iko pale bafuni. Mwili umesikia mdundo ukaitika, mlango umefunguka ukaukana. Umemkana nani? Mwenzako aliyeingia pengine alikuja kufua tu, hakuwa na habari na wewe. Uliogopa Bibi Zilipendwa asionekane anacheza singeli. Jina walilokupa kwa utani umelivaa hadi limeanza kukukataza.

Nimekipima kipindi chako kwa jinsi ulivyokieleza, na naona umekipanga kinyumenyume. Nusu ya kwanza, ya habari, ni mali ya watu: wa ghorofa ya tatu wasio na maji, wa boom, wenye mitihani miwili siku moja. Humo umejaa wewe. Nusu ya pili ulipewa iwe yako, upige unachokipenda. Humo wewe haupo. Zimo tarehe.

Nianze na muziki, kwa sababu umesema ndiko kunakouma, na kwa sababu mimi mwenyewe nikianza kuzungumzia magitaa huwa sinyamazi.

Ulilosema kuhusu Mbaraka ni kweli, alifariki Januari 1979, na hakuwa amefikisha hata miaka 35. Alikuwa ameshapeleka gitaa lake hadi Japani, kwenye maonesho ya Osaka ya mwaka 1970, akiwa na Morogoro Jazz. Sawa. Hayo yote mtu akitaka atayapata kwenye simu kabla hujamaliza kuyasoma. Asichoweza kukipata popote ni kile kinachokupata wewe solo lake linapoingia. Unafumba macho? Unakumbuka vumbi la Muheza? Au kuna noti moja unayoisubiri kila mara, na ikipita unarudisha nyuma? Hukuniandikia neno hata moja la namna hiyo. Katika barua yote umeucheza muziki mahali pamoja tu, na haukuwa dansi.

Sisemi kwamba dansi huipendi. Nasema umeifanya mtihani, ukawafanya wasikilizaji kuwa darasa. Mtu aliyetoka darasani jioni, hajala, hana maji, hawezi kufurahia kuhesabiwa miaka ya bendi kuanzishwa.

Nikupe kipimo kidogo, maana umeuliza utajuaje. Anayependa kweli huwa na anachokichukia ndani ya hicho hicho anachokipenda. Mimi dansi ni damu yangu, lakini bendi za mashirika ya umma zilikuwa zinanichosha kila zilipoanza kuyasifu mashirika yao. Bima inasifiwa, mabasi yanasifiwa, na mtu umetoka nyumbani umelipa kiingilio umekuja kucheza! Kuna bendi kubwa, siitaji, ambayo waimbaji wake wawili nikiwasikia mpaka leo nainuka kwenda kununua soda. Je, wewe una wimbo wa dansi unaokukera? Una bendi unayoona ilipewa sifa kuliko kazi yake? Ukikosa hata mmoja, basi bado unampenda babu yako, na si vibaya, ila ni jambo jingine. Ukiupata, useme hewani. Utaona simu zitakavyoingia.

Hilo la kujionesha lisikukoseshe usingizi. Ujanani nani hakuupenda muziki ili aonekane? Kizazi kilichokutangulia kilijigawa kati ya bendi za Msondo, ndiyo ile NUTA Jazz, na Sikinde, ndiyo Mlimani Park, kama watu wanavyojigawa kati ya Simba na Yanga. Hizo mbili zilipopambanishwa jukwaa moja siku ya sikukuu, kulikuwa na watu waliokwenda ukumbini kuzomea tu upande wa pili. Unadhani wote walikuwa na sikio la kutofautisha rizimu na solo? Wengine walifuata wasichana, wengine walifuata mtaa wao unakokwenda. Kupenda kukaja baadaye, taratibu, baada ya kuzoea kuwepo. Kwa hiyo mwenzako wa chumbani anaweza kuwa amesema kweli na bado ukawa hujakosea kitu.

Lakini nisikilize hapa, maana ndipo hasa nilipotaka tufike. Hiyo dansi unayoilinda isiguswe na singeli, ilikuwa ni singeli ya wakati wake. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, vijana wa mjini wakijifunza ala za kigeni, na wazee wa wakati huo hawakuiita sanaa, waliiita uhuni. Kisha santuri za Kikyuba, zile za namba za GV zilizoanza kuuzwa Afrika miaka ya 1930, ziliwaingia vijana kichwani kiasi kwamba Salum Abdallah pale Morogoro bendi yake akaiita Cuban Marimba. Cuba! Mtu wa Morogoro! Leo tunauita muziki wetu wa asili ya mjini na tunawakaripia watoto kwa kupenda amapiano ya Afrika Kusini. Na Tanga kwenu ndiyo usiseme, wanamuziki ndugu wa ukoo wa Kinyonga walitoka huko, wakapita Arusha, wakaenda kuitikisa Nairobi na bendi yao ya Simba Wanyika. Hawakukaa kulinda chochote. Walikuwa vijana wanatafuta ukumbi.

Singeli nayo haikuanguka kutoka mawinguni. Kabla yake kulikuwa na mchiriku, vinanda vidogo vya Casio na ngoma za uswahilini, muziki wenye mizizi kwenye ngoma za Wazaramo. Kundi la Jagwa Music lilianza tangu 1992. Watayarishaji wa singeli wa mwanzo walichukua vipande vya taarabu wakavikimbiza hadi mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, wengine wakafika 300. Kwa hiyo ukitega sikio vizuri ndani ya hizo "kelele" unaweza kukisikia kinanda cha taarabu ambacho bibi yako alikitunza kwa noti.

Sasa fanya hivi Alhamisi mojawapo. Chukua wimbo mmoja wa dansi wa zamani ambao una sehemu mbili, kama nyingi zilivyo. Mwanzo mwimbaji anasimulia kisa chake taratibu, mapenzi yamemtesa, ndugu wamemtenga. Halafu katikati sauti zinapisha, magitaa matatu yanaanza kusukana, tumba zinapanda, mdomo wa bata, yaani saksafoni, unaingia, na ukumbi mzima unainuka. Hiyo ndiyo chemko. Ipige yote mpaka mwisho, usiikate na kuanza kuongea, nakuomba, watangazaji wa siku hizi mna ugonjwa huo. Ikiisha, papo hapo, bila tarehe, weka singeli. Kisha waambie wasikilizaji jambo moja: dansi inakufikisha kwenye chemko kwa dakika nne, singeli inaanzia kwenye chemko na haishuki. Halafu waambie ulivyocheza na ndoo. Nakuhakikishia hakuna atakayehama.

Sikusudii uwe unachanganya kila wiki ili kuwaridhisha. Ukitaka mwezi mzima wa Atomic Jazz, piga. Ninachotaka ni kwamba chochote unachopiga uwe umekitaka wewe usiku huo. Kama umekitaka kwa sababu Bibi Zilipendwa anatarajiwa kukitaka, kiache.

Kuhusu habari, hapa nitakuwa mkali kidogo, na ukasirike ukipenda.

Uliposema viongozi wamelala usingizi wa pono, hayo ni maoni, na kiongozi aliyeomba kura anatakiwa awe na ngozi ya kuyabeba. Uliposema posho zinakwenda wapi wanajua wao, hapo ulitoka kwenye maoni ukaingia kwenye tuhuma. Umewaita wezi bila kulitamka neno. Tuhuma ina masharti yake: nani, kiasi gani, lini, umeonaje. Ulikuwa na lolote kati ya hayo? Barua yako haioneshi. Basi katibu kulalamika alikuwa na haki, hata kama ni mvivu kweli. Pengine makofi ya kafeteria yalipigiwa sentensi hiyo hasa, na ndiyo uliyokuwa huna nayo ushahidi.

Tena maji yenyewe hukuyaripoti. Maji yasipopanda ghorofa ya tatu kuna sababu: ama yanaingia chuoni kwa msukumo mdogo, ama pampu imekufa, ama tangi la juu linavuja, ama kuna mtu amefunga koki akasahau. Kila moja ina mwenyewe wa kuulizwa. Kuna msimamizi wa hosteli, kuna ofisi ya chuo inayoshughulika na majengo, kuna fundi bomba ambaye huwa anajua kila kitu na haulizwi na mtu. Rais wa serikali ya wanafunzi hana ufunguo wa chumba cha pampu. Ukienda pale na daftari lako, lile lile la tarehe za bendi, ukamuuliza fundi bomba pampu ilizima lini na spea imeagizwa au haijaagizwa, utakuwa na habari ambayo hakuna atakayeweza kuiandikia barua ya malalamiko.

Boom ni hivyo hivyo. Ninyi huwa mnasema "boom limechelewa" kana kwamba ni mvua. Hela hiyo inapita mikono kadhaa: bodi inayotoa, chuo kinachothibitisha nani bado anasoma, benki, na mwanafunzi mwenyewe ambaye siku ya kusaini alikuwa amelala. Imekwama mkono upi? Mwanafunzi asiye na nauli anahitaji kujua hilo kuliko kujua wewe una hasira kiasi gani. Hasira anayo tayari, tena kukuzidi.

Lakini sikubaliani na mlezi wako anapokwambia uchague. Akinisoma, anisamehe, ni mwalimu na mimi ni mzee wa barazani tu. Wanafunzi wa vyuo vyetu wametoa maoni tangu zamani, na makali kuliko yako. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1969 kikundi cha wanafunzi kilianzisha jarida lililoitwa Cheche, na hoja zake ziliwakera wakubwa hadi likapigwa marufuku mwaka 1970. Aliyelishika mkononi alijua anasoma hoja za watu fulani wenye msimamo fulani. Hakuna aliyemvizia kwa kumwambia anasoma tangazo. Muziki nao umefanya kazi hiyo. Remmy Ongala aliimba waziwazi kuhusu kondomu katika miaka ambayo ukimwi ulikuwa unazungumzwa kwa kunong'ona, redio ya taifa haikutaka kuupiga wimbo huo, na watu waliuimba vilevile. Usiache kusema la moyoni. Liondoe tu katikati ya habari, ulipe chumba chake.

Maana yake ni hii. Soma habari zako dakika ishirini, kikavukavu kama unavyoogopa, ila ziwe zimeshiba. Ukimaliza, weka mlio mfupi wa kutenganisha, wa gitaa ukipenda, useme "haya ni maoni yangu", ukaongea dakika mbili tatu mpaka roho yako itulie. Hapo sema wamelala. Posho usiziguse mpaka uwe na karatasi. Wiki inayofuata, kama katibu ana jibu, lisome jibu lake lote jinsi alivyoliandika, bila kubana pua na bila kucheka. Wewe ukipenda utamjibu kwenye dakika zako. Mlezi hatakuwa na la kusema, na wale wa "umenunuliwa" utawauliza: katika habari niliyosoma, ni ipi ambayo si kweli? Watabaki na jina tu, na wewe kwa majina umeshazoea.

Kwa hiyo maswali yako mawili nimeyajibu, na la tatu nimekuachia kipimo. Limebaki la fundi mitambo.

Huyo kaka anasema nusu ya pili wasikilizaji wanahama wote. Wote! Amejuaje? Redio yenu inafika hosteli na mitaa michache, haina chombo cha kuhesabu masikio. Amezunguka vyumbani? Amewauliza wangapi, siku zipi, na kati yao wangapi walikuwa wanasikiliza hata hiyo nusu ya kwanza? Au marafiki zake watatu wapenda amapiano walimwambia kwenye kimbweta? Inawezekana anasema kweli. Inawezekana pia anataka kipindi chako. Wewe ulilimeza neno lake zima, ukaanza kufikiria kubadilisha muziki, kama vile ulivyotaka wasikilizaji walimeze neno lako kuhusu posho.

Na hapo ndipo nilipoikumbuka ile sup. Umeipitisha haraka haraka kwenye barua ukidhani sitaiona. Sup ya takwimu, mpwa wangu, halafu mtu anakwambia "wote" bila namba hata moja nawe unakubali! Andaa maswali matano, waulize wanafunzi hamsini wa hosteli tofauti, usichague wa chumbani kwako, upange majibu kwenye jedwali. Utajua nani anasikiliza nini saa moja na nusu usiku, na utakuwa umefanya zoezi la kutosha kukuvusha nusu ya mtihani. Nusu iliyobaki tafuta madesa ya aliyefaulu, ukae naye akueleweshe. Na Alhamisi ya wiki ya mtihani kipindi mpe huyo huyo fundi mitambo akipigie amapiano yake, wewe uwe maktaba.